Kabla ya Kuwasha, Mwite Jirani

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama, familia zilizowapokea na viongozi wa vijiji vya jimbo la Tanganyika, mwanzoni mwa kiangazi

  Najua wengine mmetembea toka alfajiri, na mama wengine wana watoto mgongoni, kwa hiyo sitazunguka sana. Nimeombwa niseme juu ya moto wa pori.

Labda kuna mtu anajiuliza moyoni: tuliitwa kwa mkutano wa amani, mbona huyu anatuletea habari za majani na majembe? Ni swali zuri. Katika jimbo hili moto una historia mbili. Kuna moto tunaoujua toka kwa mababu, moto wa kusafisha shamba, wa kufukuza nyoka karibu na nyumba, wa kurina asali, wa kutoa panya wa pori mashimoni. Halafu kuna moto wa miaka ya vita. Kuanzia mwaka 2016, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipoenea, vijiji vilichomwa pande zote mbili. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya nusu milioni ya watu waliohama ndani ya jimbo hili. Wengi wenu mlikuwa kati yao, na sina haja ya kuwakumbusha.

Basi mtu aliyeona paa la nyumba yake likiungua haoni moshi kama watu wengine. Moshi ukipanda upande wa kijiji cha wengine, yeye hasemi, «Kuna mtu anasafisha shamba.» Anasema, «Wamekuja.» Anafunga mzigo, anaita watoto, na vijana wanachukua mapanga na mishale. Moto wenyewe labda ni majani tu. Lakini watu wameshakimbia, na wengine wameshajipanga kupigana.

Tuchukue mfano. Tuseme baba mmoja aliyehama amepewa kipande cha shamba pembeni mwa kijiji kilichompokea. Amekata miti midogo na majani, ameyaacha yakauke, na sasa ni mwezi wa tisa. Siku moja saa sita mchana anawasha. Upepo unageuka. Moto unavuka njia, unaingia katika mihogo ya mwenyeji, unafika kwenye ghala la karanga. Yule baba anaogopa, anakimbia. Jioni kijiji kizima kinasema: «Hawa wageni tuliwapa ardhi, sasa wanatuchoma.» Kesho yake mtu asiyejulikana anachoma kibanda kimoja cha kambi. Kesho kutwa hatuzungumzi tena juu ya moto wa pori, tunazungumza juu ya kabila. Je, mfano huu ni mgeni kwenu? Naona vichwa vinatikisika.

Angalieni vizuri mfano huo, mtaona yule baba hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikosa mambo matatu: hakumwambia jirani, hakutengeneza ukanda wa kuzuia moto, na aliwasha saa mbaya. Kisha akakosa la nne, alikimbia. Kukimbia ndiko kulikofanya ajali ionekane kama shambulio.

Sasa niwaambie kwamba sisi si watu wa ajabu kwa kuwa na moto mwingi. Kila mwaka, zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani iko Afrika, na sehemu kubwa ni nchi kama hii yetu, yenye majani marefu na miti ya miombo, toka Angola kupita kusini mwa Kongo mpaka Zambia, Tanzania na Msumbiji. Kuna setilaiti zinazopita juu kila siku na kuona sehemu zenye moto. Mwezi wa nane mwaka 2019, wakati dunia nzima ilikuwa inalia juu ya msitu wa Amazon, setilaiti hizo katika siku mbili tu zilihesabu sehemu za moto zaidi ya 3,000 katika Kongo yetu na zaidi ya 6,000 katika Angola, kupita zile za Brazil. Watu wa mbali wakashtuka wakasema msitu wa Kongo unateketea. Haikuwa hivyo. Msitu mkubwa wa mvua wa kaskazini ni mbichi na hauwaki kwa urahisi. Moto mwingi ulioonekana ulikuwa wa majani na wa mashamba ya kusini, kama haya yetu. Setilaiti inaona joto, haioni mkono uliowasha wala sababu. Sisi pia tukiwa kilimani tukiona moshi wa mbali, tunajua kiasi kile kile tu, na kwa bahati mbaya hatukubali kwamba ni hicho tu tunachojua.

Wengine wanapenda suluhisho la haraka: kukataza. Chefu atoe amri kwamba hakuna mtu kuwasha moto, na anayewasha alipe mbuzi. Ninaheshimu machefu waliojaribu, lakini amri peke yake haifui dafu. Mkulima asiye na trekta wala dawa ya magugu atasafisha shamba kwa nini? Mtu akikatazwa kuwasha mchana atawasha usiku kwa siri, na moto wa siri hauna mtu anayeulinda. Tena kuna jambo la pili ambalo wazee wengi wanalijua. Mahali ambapo hapajaungua miaka mitatu au minne, majani makavu na matawi yanalundikana, na siku cheche moja ikianguka, huo moto hauzimiki kwa matawi.

Jambo hili lilichunguzwa si mbali na hapa. Katika miaka ya 1930, watu wa misitu wa nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, leo ni Zambia, walitenga vipande vya msitu wa miombo karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Katanga. Miti ni ile ile ya kwetu. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, wakati majani yana unyevu bado. Kingine kilichomwa kila mwaka mwishoni, wakati kila kitu kimekauka. Kingine kilikingwa kisiguswe na moto. Waliendelea hivyo miaka mingi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1959. Kipande cha moto wa mapema kilibaki msitu, miti mikubwa ikasimama na michanga ikaweza kukua. Kipande kilichokingwa kilizidi kuwa kizito. Na kile cha moto wa kuchelewa kilikwisha kuwa majani, na miti michache tu inayovumilia. Mti ule ule, mvua ile ile, udongo ule ule. Tofauti ni mwezi wa kuwasha.

Kwa nini iwe hivyo? Mwezi wa tano na wa sita majani yamekauka juu tu, chini yana maji. Moto unatembea polepole, miali ni mifupi, na jioni umande unauzima wenyewe. Miti ya miombo inatoa majani mapya kabla ya mvua kurudi, mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Moto wa wakati huo unakuta majani machanga na kuyaua, unapanda mpaka kwenye matawi. Mama wanaokusanya viwavi wanajua zaidi kuliko mimi: viwavi hula majani ya miti hiyo. Jani likiungua hakuna kiwavi. Uyoga nao unaota pamoja na mizizi ya miti hiyo hiyo, na nyuki wanahitaji maua. Kwa familia iliyohama ambayo haina shamba lake, pori ndilo ghala. Anayelichoma mwezi wa tisa anachoma chakula cha mtu ambaye labda hana kingine.

Hapa mkulima ataniuliza, na ana haki: «Shamba langu nalichomaje mwezi wa tano, na miti niliyokata haijakauka?» Kweli. Shamba linachomwa karibu na mvua, hakuna njia nyingine. Kwa hiyo sisemi kila kitu kichomwe mapema. Nasema kinachozunguka shamba, kinachozunguka kijiji, kambi, shule na chanzo cha maji, hicho ndicho kichomwe mapema, kipande kwa kipande, kama madoa ya chui. Mwezi wa tisa mkulima atakapowasha shamba lake, moto ukimponyoka utafika mahali palipokwisha kuungua na hautapata cha kula. Ardhi nyeusi ndiyo ukuta wetu, na haidai pesa, inadai siku mbili tatu za kazi ya pamoja mwezi wa tano au wa sita. Na kipande kilichochomwa mwaka huu kipumzike, kesho kichomwe kingine.

Nina habari nyingine kutoka mbali ambayo naona inatuhusu sisi tuliohama kuliko watu wote. Kaskazini mwa Australia kuna eneo linaloitwa Arnhem Land. Wenyeji wa asili wa huko walikuwa wakichoma majani mwanzoni mwa kiangazi, wakitembea kwa miguu, kipande hapa kipande pale, vizazi na vizazi. Katika karne iliyopita wengi wao walihama kwenye ardhi hiyo, wakaenda kukaa kwenye misheni na miji. Ardhi ikabaki bila watu. Mtu angefikiri msitu ungepona, kumbe ukaanza kuungua kwa moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi, moto unaokwenda wiki nzima bila wa kuuzima. Wenyeji waliporudi, na kuanzia mwaka 2006 wakapanga kazi hiyo upya pamoja na wataalamu, moto mkubwa ulipungua sana.

Kwa hiyo ninyi mnaorudi vijijini mwenu baada ya miaka, jueni mtakuta nini. Mashamba ya zamani yamekuwa majani yanayompita mtu kimo. Njia zimefungika. Ukiwasha hapo kama ulivyowasha zamani, kijiji kikiwa na watu na njia ziko wazi, hautausimamisha. Wa kwanza kurudi wasianze kwa kiberiti. Waanze kwa panga na jembe, wafungue mzunguko kuzunguka nyumba, na wakumbuke kwamba jirani aliyebaki nyuma ana mihogo pale ambapo wao wanadhani ni pori tu.

Na mahali palipopiganiwa, tafadhali sikieni hili vizuri. Mabomu na risasi ambazo hazikulipuka zinaweza kulala katika majani miaka mingi, na joto la moto linaweza kuzilipua. Mkijua kwamba mahali fulani palikuwa na vita, msiwashe hapo na msiingie kuzima moto hapo. Acheni uungue, lindeni nyumba kutoka mbali, halafu mpeleke habari kwa chefu na kwa wale wanaotegua mabomu. Hata majani yakikwisha kuungua na kitu kikaonekana wazi, mtoto asikiguse.

Nirudi kwa kazi yenyewe. Mwenye shamba akitaka kuwasha, kwanza afungue ukanda wa kuzuia moto pande zote. Kufyeka hakutoshi, maana majani yaliyofyekwa na kuachwa chini ni kama mafuta. Lazima jembe lipite mpaka udongo uonekane, na majani yavutwe yarudi ndani ya shamba. Upana? Mimi sipendi kusema hatua tano au kumi kwa kila mtu. Tazama majani yaliyo karibu: ukanda usipungue mara mbili ya urefu wao, na upande upepo unaokwenda uongeze. Mti mkavu uliosimama karibu na ukanda ukatwe, kwa sababu utaangukia ng'ambo ukiwaka.

Saa ya kuwasha ni jioni, kuanzia saa kumi, upepo ukilegea na hewa ikianza kupoa. Mchana kati ni saa ya kwenda kulala. Usianzie upande upepo unakotoka. Anza upande upepo unakokwenda, kwenye ukanda wenyewe, ili moto urudi nyuma polepole ukipingana na upepo. Ukisha kuwa na eneo jeusi la kutosha upande huo, ndipo uwashe pembeni. Shamba likiwa mlimani, anza juu. Moto unapanda mlima mbio kuliko mtu, lakini kushuka unashuka kwa uvivu. Wawepo watu wazima watano au sita wenye matawi mabichi, majembe na dumu za maji, na asiondoke mtu kabla ya usiku. Asubuhi mwenye shamba arudi, agusishe mgongo wa mkono karibu na magogo na visiki. Gogo linaweza kushika moto ndani siku kadhaa, halafu upepo wa mchana unalifufua. Tanuru la makala ni vile vile, na hapo nawaangalia vijana wanaochoma makala usiku na kwenda kuuza asubuhi. Usiliache tanuru mpaka limepoa na umelifunika udongo kila mahali linapotoa moshi.

Moto ukitoka, watu wapige kengele, ngoma au filimbi, na huo mlio ukubaliwe leo na vijiji vyote viwili, uwe tofauti kabisa na mlio wa hatari ya vita. Hili naliona kubwa kuliko mambo yote niliyosema juu ya majembe. Mlio ukisikika, kila mtu ajue kwamba anaitwa kuja na tawi na jembe, na kwamba panga la kukatia matawi halibebwi kwa hasira. Wazee na watoto waende upande wa ardhi iliyokwisha kuungua au mtoni. Wanaozima wafuate moto kutoka nyuma na pembeni, wasimame mahali peusi, wasiwe mbele yake na wasiwe juu yake mlimani. Tawi lisipigwe kwa kuinuliwa juu, linatupa cheche. Likandamizwe na kuvutwa. Nguo za nailoni zinayeyuka na kushikana na ngozi, vaeni za pamba, na kitambaa chenye maji puani. Miali ikipita kifua cha mtu, matawi hayafai tena. Rudini nyuma, mtafute njia au mto, na mfungue ukanda pale. Hakuna shamba lenye thamani ya mtoto wa mtu.

Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi dakika ishirini, mumvue pete na bangili kabla hajavimba, mfunike kwa kitambaa safi, mumpeleke kituo cha afya. Msimpake mafuta, wala dawa ya meno, wala unga.

Sasa moto umezimwa, na hapa ndipo amani inapojengwa au kuvunjwa. Kawaida yetu ni kuuliza mara moja, «Nani?» Ninawaomba swali hilo lisubiri asubuhi. Usiku ule watu wana moshi machoni na hasara mikononi, na jina la kwanza linalotajwa ni la mtu asiye na wa kumtetea. Mnajua ni nani huyo. Katika vijiji vyetu ni Mtwa, kwa sababu anarina asali na kuwinda, au ni aliyehama, kwa sababu hana ardhi. Mara nyingine kweli ni yeye. Mara nyingi ni mchoma makala, au mtoto, au mwenye shamba wa pale pale, au mpita njia aliyetupa sigara.

Asubuhi watoke watu wa pande zote, Watwa na Wabantu, wenyeji na waliohama, wanaume na wanawake, watembee pamoja toka mwisho wa moto mpaka mahali ulipoanzia. Mahali hapo huonekana kwa mtu anayetazama kwa utulivu. Warina asali wanaweza kuusoma msitu ulioungua kuliko sisi wengine, na kuwaacha nje ya komite ni kujinyima macho. Halafu hasara ihesabiwe siku hiyo hiyo, kwa hatua za miguu, mashahidi wakiwepo. Mihogo iliyokomaa ikiungua majani, mara nyingi mizizi iko salama ardhini. Basi isihesabiwe kama imepotea yote. Ghala lililoungua limepotea kweli. Ukingoja wiki mbili, kila shamba lililoungua litakuwa limeongezeka ukubwa!

Juu ya malipo, kila baraza litapanga kwa desturi yake. Mawazo yangu ni kwamba mtu aliyehama na asiye na kitu asidaiwe pesa ambayo wote tunajua hana. Anaweza kulipa kwa siku za kazi katika shamba aliloliharibu, na wenzake wa kambi wamsaidie, na miti ya mihogo ya kupanda itafutwe pamoja. Aliyekuja mwenyewe kusema, «Ni mimi, moto umenishinda,» adhabu yake iwe nyepesi kuliko ya yule aliyekimbia, la sivyo wote watakimbia. Na mwenyeji akichoma mali ya aliyehama, sheria iwe hiyo hiyo. Nimeona watu wanatabasamu, labda kwa sababu mara nyingi haiwi hivyo.

Serikali nayo ina sheria. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 ina adhabu kwa anayesababisha moto msituni. Aliyechoma kwa kusudi, ili kumfukuza jirani au kumnyang'anya ardhi, huyo si wa baraza, apelekwe kwenye vyombo vya sheria. Tusichanganye ajali na uadui, lakini pia tusifunike uadui kwa jina la ajali.

Kwa wale walio bado kambini, neno fupi. Vibanda vya majani na maturubai vilivyobanana vinaungua safu nzima kwa dakika chache. Acheni nafasi kati ya safu na safu, fyekeni majani kuzunguka kambi sasa hivi kabla ya mwezi wa saba, mpike nje mahali palipokingwa upepo, na kila safu iwe na ndoo ya mchanga au udongo mkavu. Rais wa komite ya kambi na chefu wa kijiji wakubaliane nani anafyeka wapi, maana nyasi zilizo kati ya kambi na kijiji ndizo ambazo kila upande husema si zangu.

Namaliza kwa kazi ya wiki hii. Leo kabla hatujatawanyika, machefu na komite wakae pale upande wa shule wachague siku za kuchoma mapema kuzunguka chanzo cha maji na kambi, na wakubaliane mlio wa kuitana. Mama wawili kutoka kijijini na wawili kutoka kambini waandikwe katika komite, pamoja na warina asali. Orodha ya wenye mashamba wanaotaka kuwasha mwezi wa tisa itafunguliwa kwa kapita, bila malipo. Mtu atataja siku yake na jirani atajulishwa siku tatu mbele. Na kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaonana mtoni kuanza ukanda wa kwanza, toka kisimani mpaka barabara kubwa. Aliye na jembe aje nalo, asiye na jembe aje na panga la kukatia matawi. Sasa ninapokea maswali.